Kiwanja cha Ndege cha Dodoma na Kazi Yake



Wengi wenu mmepata kupita Dodoma kwa gari la moshi au kwa basi, na yamkini mmekiona kiwanja cha ndege cha mji ule, maana hakikujificha. Ki karibu sana na nyumba za watu, hata mtu aliyeketi barazani aweza kuzihesabu ndege zinazotua. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza: kiwanja hiki kilianzaje, na kazi yake ni nini kwa watu wa nchi ya kati? Mimi nami nalikuwa miongoni mwa wasiojiuliza, mpaka siku niliyokwenda huko pamoja na shangazi yangu.

Shangazi ni mjane, na umri wake umekwenda. Kwake ni kusini mwa Ugogo, upande wa bonde la mto Kisigo. Alikuja mjini kutibiwa macho, na alipokwisha kupewa miwani aliniambia, "Mwanangu, kabla sijarudi nyumbani nipeleke nikapaone pale waliponishusha." Nalidhani anasema stendi ya basi. Akatikisa kichwa. "Siyo basi. Ndege."

Hapo nikakumbuka habari niliyokuwa nikiisikia tangu utotoni bila kuitia maanani. Katika mvua za mwaka 1986 shangazi alishikwa na uchungu wa kuzaa, akakaa siku mbili asijifungue. Mkunga wa kijiji alifanya yote aliyoyajua, kisha akasema waziwazi kwamba kazi imemshinda. Njia ya gari ilikuwa imekatwa na mito. Mwuguzi wa zahanati akaita msaada kwa simu ya upepo, na asubuhi yake ndege ndogo ya misheni ikatua katika kiwanja cha nyasi ambacho wanaume wa kijiji walikuwa wamekifyeka kwa majembe na mapanga. Wakampakia amelala juu ya godoro. Kabla ya adhuhuri alikuwa hospitalini. Mtoto alizaliwa salama, naye leo ni mwalimu wa shule. "Lakini mimi," alisema shangazi, "sikuona kitu. Nalifumba macho tangu nyumbani hata hospitali. Sasa nimepewa miwani, nataka nione."

Basi tukaenda. Tuliketi chini ya mti nje ya ua, mahali ambapo mtu aweza kutazama pasipo kuwasumbua walinzi, na tulipokuwa tukingoja ndege nikamweleza mambo niliyoyasoma juu ya kiwanja kile. Hayo ndiyo nataka kuwaandikia na ninyi.

Nchi ya Dodoma ni uwanda wa juu. Kiwanja cha ndege ki mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni chache, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu; miezi mingine yote ni jua, na vumbi, na upepo utokao mashariki. Wenyeji wake ni Wagogo, watu wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele, na nyumba zao za kale, ziitwazo tembe, zina mapaa ya udongo yaliyo bapa. Wazee husimulia kwamba jina la mji latoka katika neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu hapo zamani tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni alizama matopeni asiweze kutoka.

Tangu kale nchi hii ilikuwa nchi ya kupitiwa. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe haikuwa na budi kuvuka Ugogo. Upande wa mashariki ilikuwako nyika kavu ya Marenga Mkali, na upande wa magharibi pori la Mgunda Mkali. Katikati ya hayo mawili ndipo palipokuwa na visima na chakula, na watemi waliotoza hongo. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Hizo ni siku zaidi ya 130. Kisha Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Hata hivyo wasafiri wengi walikuwa wakitazama nje ya dirisha tu, wakaendelea na safari yao.

Baada ya reli ikaja eropleni. Mwaka 1932 kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways ilifungua njia ya ndege kutoka London hata Cape Town. Ndege za siku zile hazikuwa na nguvu za kwenda mbali kwa mruko mmoja, wala hazikusafiri usiku. Zililazimika kushuka kila baada ya saa chache ili zijazwe mafuta, na abiria wapate kula na kulala. Basi vituo vikapangwa mfano wa shanga katika uzi: Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill katika nchi iitwayo leo Zambia, na kuendelea kusini. Safari nzima ilikuwa yapata siku 11. Ndege zilizotoka Nairobi kwenda kusini hazikuchukua hata watu 10, na mzigo wake mkubwa ulikuwa barua.

Ukitazama ramani waona kwa nini Dodoma ilifaa. Iko kati ya Moshi na Mbeya. Ardhi yake ni tambarare. Mawingu ni machache sehemu kubwa ya mwaka. Na palikuwa na reli ya kuleta mafuta, na barabara kuu itokayo Arusha na Kondoa kwenda Iringa. Hivyo mji mdogo wa bara ukapata kuwa kituo katika njia iliyounganisha mwisho mmoja wa Afrika na mwisho wa pili.

Lakini sifa ile haikudumu. Mwaka 1937 kampuni ilianza kutumia ndege zinazotua juu ya maji, na njia ikahamishwa: kutoka Kisumu ikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hata Durban. Dodoma, isiyo na bahari wala ziwa kubwa, ikaachwa. Nilipomweleza shangazi haya alicheka, akasema, "Wamepata maji kwingine, nasi tukabaki na kisima chetu."

Liko na funzo jingine katika nchi hii hii. Mwaka 1946 wataalamu waliotumwa kutoka Uingereza waliizunguka Tanganyika kwa majuma machache, sehemu kubwa ya safari yao wakiwa hewani, wakitafuta mahali pa kulima karanga nyingi. Mahali pamoja walipopapenda ni Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 kazi ikaanza kwa kishindo. Matrekta yakashindwa na mizizi na magogo ya mibuyu, mvua ikakosa, na udongo, ulipokauka, ukawa mgumu kama tofali la kuchoma. Mwaka 1951 shughuli ile ikafungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Wagogo waliokaa pale wangaliweza kueleza habari za mvua ya Kongwa bila kulipwa hata senti moja. Tangu hapo najiambia kwamba ndege ni chombo kizuri cha kufikia mahali, lakini si chombo cha kupajua mahali. Anayetaka kupajua hana budi kushuka na kutembea kwa miguu.

Baada ya uhuru mambo ya Dodoma yaligeuka. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamishwe kutoka Dar es Salaam yaletwe Dodoma, ili serikali iwe katikati ya wananchi wake. Lakini kusema na kuhama ni vitu viwili. Miaka mingi ilipita, na viongozi waliishi kama watu wenye nyumba mbili, wakienda na kurudi. Njia ile ya kwenda na kurudi ilidai gharama kubwa, na si gharama ya fedha peke yake. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma katika mkutano wa Bunge, akisafiri kwa motokaa kwenda Dar es Salaam, akafa katika ajali huko Dakawa, Morogoro. Shangazi aliikumbuka vema siku ile. Alisema redio ilipotangaza, watu waliacha majembe shambani.

Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali yote itahama, na mwaka huo huo Waziri Mkuu akahamia. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa kuwa jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 jiji lilikutwa na watu zaidi ya 765,000. Waziri mwenye mkutano Mwanza, mgeni wa nchi nyingine mwenye barua ya kumpelekea Rais, daktari aliyeitwa kwa haraka, wote wakaanza kuuliza habari za kiwanja cha ndege. Kituo cha njiani kikawa mlango wa mji mkuu.

Hapo udogo wa mlango ukaonekana. Napenda waalimu wawaeleze watoto jambo hili, maana ni elimu nzuri. Ndege hubebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Mahali palipo juu, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Na jua la mchana likiipasha moto, huzidi kuwa nyepesi. Basi mabawa hayapati nguvu ya kutosha mpaka ndege imekwenda mbio zaidi, na ili iende mbio zaidi yataka njia ndefu zaidi. Ndiyo sababu ndege ile ile yenye mzigo ule ule huweza kuruka Dar es Salaam, kando ya bahari, kwa njia fupi kuliko inayoitaka Dodoma. Tena ndege hupenda kuruka na kutua ikiuelekea upepo. Na kwa kuwa upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki, njia ya kurukia imelazwa mashariki na magharibi.

Mwaka 2016 njia hiyo iliongezwa, kutoka mita 2,000 hata mita 2,500, ili ndege kubwa zaidi zipate kutua. Ndege za Air Tanzania zikaanza kuja, na mtu aweza kutoka Dar es Salaam akafika Dodoma katika muda wa saa moja hivi. Lakini kiwanja hakiwezi kuongezwa siku zote. Nyumba ziko huku, barabara ziko kule, na mji wenyewe umekizunguka kama boma linavyozunguka ng'ombe. Wakazi wanajua mlio wa ndege unavyokatiza mazungumzo.

Kwa hiyo serikali ilichagua mahali papya huko Msalato, yapata kilomita 12 kaskazini ya mji, katika barabara iendayo Arusha. Wasomaji wengi wanalijua jina hilo kwa ajili ya shule ya wasichana na chuo cha theolojia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali mwaka 2019 kutoa mkopo wa kazi hiyo, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi. Njia ya kurukia ya Msalato ilipangwa kuwa na urefu wa mita 3,600, ipate kupokea ndege kubwa zitokazo mbali ng'ambo ya bahari.

Shangazi alipousikia urefu huo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na wenye mashamba?" Swali lake ni la haki. Kiwanja cha ndege hutaka ardhi nyingi, na ardhi ya Ugogo si nyika isiyo na mwenyewe. Kila mbuyu una watu wanaojua ni wa nani, na makaburi ya wazee yako humo humo mashambani. Taifa laweza kuhitaji ardhi ya mtu kwa faida ya wote, na sheria yaruhusu. Lakini sheria hiyo hiyo yasema mwenye ardhi alipwe fidia kamili, tena upesi. Nalimwambia hivyo. Akajibu, "Vema. Waliosoma na wawasomee wasiosoma, kila mtu ajue haki yake." Nawaachia waalimu neno hilo.

Huenda mmoja wenu akasema: Siku hizi kuna reli mpya, je, ndege yafaa nini tena? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 gari la moshi liendalo kwa umeme hutoka Dar es Salaam likafika Dodoma kwa muda wa saa nne hivi, na nauli yake ni nafuu kwa watu wa hali zetu. Nafurahi kwa ajili ya reli ile, na mimi mwenyewe nikienda Dar es Salaam nitapanda hiyo. Lakini reli hufika pale ilipolazwa tu. Haikufika katika mabonde ya kusini ya nchi yetu, wala haivuki mito iliyofurika kwenda kumchukua mgonjwa kijijini.

Hapo ndipo nilipoifahamu kazi ya pili ya kiwanja cha Dodoma, kazi isiyotajwa sana katika magazeti. Kwa miaka mingi ndege ndogo za MAF zilikuwa na kituo pale. Chama hicho kilianzishwa na marubani Wakristo walioviona vita vikuu vya pili, wakasema moyoni mwao, "Chombo kilichotumika kuangamiza chaweza kutumika kuponya." Ndege zao zilichukua waganga na wauguzi, dawa na chanjo, wahubiri na waalimu, zikawapeleka vijijini, zikarudi na wagonjwa. Hata madaktari wa AMREF, chama kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1957, walifanya kazi kwa njia iyo hiyo katika Afrika ya Mashariki: daktari mmoja mwenye ndege aweza kuhudumia hospitali nyingi zilizo mbalimbali.

Ndege kama hizo hazihitaji mita 3,600. Zahitaji mita mia chache za ardhi iliyosawazishwa, isiyo na kichuguu wala shimo, na watu wa kuwaondoa mbuzi. Lakini zahitaji pia mahali pa kurudi, penye mafuta, na fundi, na hospitali iliyo karibu. Dodoma ilikuwa mahali hapo. Kiwanja kikubwa bila viwanja vidogo ni kama shina lisilo na matawi. Na viwanja vidogo bila kile kikubwa ni matawi yaliyokatwa.

Tulipokuwa katika mazungumzo hayo tukasikia mlio. Ndege ilitokea magharibi, ikashuka polepole, magurudumu yakagusa ardhi na vumbi kidogo likainuka. Shangazi alisimama, akaitengeneza miwani yake kwa mikono miwili. Abiria wakashuka ngazi, watu wa mavazi mazuri, wenye mikoba na simu. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipoingia nyumbani mwa abiria.

"Hakuna aliyebebwa," akasema.

"Leo hakuna, Shangazi."

"Ni vema. Mungu awape afya." Kisha akaniuliza, "Na kiwanja chetu cha kijijini, bado kinafyekwa?"

Sikuwa na jibu jema la kumpa. Tangu barabara ilipotengenezwa watu wa kijiji waliacha kukifyeka. Miiba imeota, na vichuguu vimesimama katikati ya njia ambapo gurudumu lilipita mwaka 1986. Katika miezi ya kiangazi hakuna anayekikumbuka, kwa kuwa gari hupita. Lakini mvua zikinyesha kwa nguvu mito hujaa kama zamani, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kungoja maji yapungue.

Shangazi alirudi kwake juma lile kwa basi. Baada ya mwezi mmoja mwanawe, yule mwalimu, aliniandikia kwamba mama yake alisimama katika mkutano wa kijiji, akawauliza wazee swali lile lile aliloniuliza mimi. Vijana wachache wakacheka. Yeye akawaonyesha mwalimu wao kwa kidole, akasema, "Huyu alipita katika kiwanja kile kabla hajazaliwa." Jumamosi iliyofuata watu ishirini na wawili walitoka na majembe. Mwalimu alikuwa mbele yao, pamoja na watoto wa darasa la saba. Bado hawajamaliza, maana vichuguu vya Ugogo ni vigumu, lakini wamekwisha kufika nusu.

Basi, wasomaji wapendwa, mkipita Dodoma mkaona ndege inatua, msiseme, "Hiyo ni ya wakubwa." Na mkirejea nyumbani, tazameni kama mlikuwa na kiwanja kilichofyekwa na baba zenu. Kama kipo, ulizeni ni nani mwenye jembe.